Jina la Kisumu na Woga Wangu wa Watu

Jumapili moja nilipitishwa Kibuye na matatu kwa sababu nilishindwa kusema neno moja: shukisha. Nilikuwa nimeketi nyuma kabisa, natoka Kondele, na hilo neno nilianza kulipanga kichwani kabla hata hatujaondoka steji. Mikono jasho, koo kavu. Soko likapita dirishani hivi hivi. Nikashukia mjini, nikarudi kwa miguu kana kwamba hiyo ndiyo njia niliyoitaka. Kama umewahi kufanya hivyo, karibu, tuko wengi.

Wazee husema huu ni ugonjwa wa simu, ati zamani watu walikuwa wanaongea tu. Mimi nabisha, na ushahidi wangu ni jina la mji wenyewe. Kabla ya reli, hapa palikuwa mahali pa kubadilishana vyakula. Kwa Dholuo, kwenda kisuma ni kutoka kwako na kitu mkononi, kutafuta chakula kwa watu wengine. Watu wa ziwani walileta samaki. Waluhya, Wanandi na Wakisii wakaja na vyao. Sasa fikiria hiyo safari. Ghala limeisha, watoto wanakungoja, na mbele yako kuna mtu usiyemjua, pengine hata lugha yake huielewi vizuri. Siamini kwamba hakuna aliyetetemeka. Ila hakwenda mikono mitupu, na kila mtu pale alijua amefuata nini. Samaki walikuwa wameshamsemea kabla hajafungua mdomo.

Reli kutoka Mombasa ilianza kujengwa 1896 na ikafika hapa 20 Desemba 1901, zaidi ya kilomita 900. Waingereza wakapaita Port Florence, kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mhandisi wa reli. Jina halikudumu, na afadhali. Lakini wageni walizidi kumiminika: Wahindi wenye maduka, makarani, mabaharia wa meli za Uganda. Kiswahili kikapata kazi kubwa, kazi ya kumwendea mtu asiye wako. Mpaka leo nikishikwa na woga, Kiswahili hunijia rahisi kuliko Dholuo. Ukiongea Dholuo utaulizwa wewe ni mtoto wa nani, na hapo sasa lazima ueleze ukoo mzima!

Woga huu wenyewe uliingizwa kwenye mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani 1980, na kama unakunyima shule au kazi, ongea na daktari bila aibu. Wangu haujafika hapo. Unaninyima omena tu.

Boda za baiskeli, zile zilizoanzia mpakani Busia miaka ya 1960, zilinisaidia sana nikiwa mdogo, kwa sababu ulikuwa unaongea na mgongo wa mtu. M-Pesa, iliyoingia 2007, imenisaidia na kuniharibu. Naweza kulipa na kuondoka bila kusema kitu, na kuna miezi niliishi hivyo.

Siku hizi naenda Kibuye kama mtu wa kisuma. Nashika mfuko mtupu mahali unapoonekana, na sentensi moja iko tayari: "Oyawore, mama. Gorogoro moja ya omena ni ngapi?" Mara ya kwanza nilikimbia nikaacha chenji. Mara ya tatu aliniuliza swali lile lile, nyathina, wewe ni wa nani? Moyo ulipiga kama ngoma lakini nilibaki hapo, nikamtajia kijiji. Akaniongeza konzi moja. Juzi akataka kujua mbona Jumapili iliyopita sikuonekana, nikamjibu.

Kwenye matatu ya kurudi, neno likakwama tena. Nikagonga dari mara mbili kwa sarafu. Konda alielewa.