Jina Lisilohitaji Msajili

Kompyuta ikiwa peke yake, kukipa kila kitu namba yake si kazi: pana daftari moja, na mwenye daftari anahesabu. Shida huanza mashine zikiwa nyingi. Katika miaka ya 1980, kampuni ya Apollo Computer ya Massachusetts, Marekani, iliunda kompyuta za kushirikiana mtandaoni, na kuziweka zote foleni mbele ya daftari moja kungeua ushirikiano huo. Humo ndimo ilimoota UUID, namba ya biti 128 ambayo mashine yoyote hujitungia bila kuomba ruhusa, na ambayo leo hutambulisha safu za hifadhidata, mafaili, hata miamala.

Muundo wa UUID ulioenezwa na shirika la Open Software Foundation ulitegemea mahali na wakati: anwani ya kadi ya mtandao, pamoja na saa inayohesabu sehemu za milioni kumi za sekunde tangu 15 Oktoba 1582, kalenda ya Gregori ilipoanza. Hoja yake ilikuwa nzito, kwani mashine mbili hazina kadi moja, wala mashine moja haiishi dakika ileile mara mbili. Lakini jina la namna hiyo linamtaja aliyelitoa. Mwaka 1999, kirusi cha Melissa kilipozagaa, alama ya aina hiyo iliyojificha ndani ya faili la Word ilitumika kumsaka mtunzi wake. Wapo watakaosema huo ulikuwa ushindi wa haki. Siafiki: alama ileile ilikaa pia katika barua za watu wasio na hatia, nao hawakuulizwa.

Ndiyo maana naona toleo la nne la UUID, linaloachia biti 122 kwa bahati nasibu, kuwa hatua kubwa kuliko zote. Atakayepinga atasema bahati si dhamana. Kweli, ila hata saa hurudishwa nyuma, na anwani za kadi hunakiliwa. Kwa upande wa bahati, ingebidi zitungwe namba zaidi ya bilioni bilioni mbili ndipo uwezekano wa mbili kufanana ufikie nusu. Hatari halisi iko kwingine, kwenye chemchemi ya bahati yenyewe: programu inayochota namba za kubahatisha kutoka chanzo dhaifu itazaa mapacha mapema, biti ziwe nyingi kiasi gani.