Ukarabati wa betri ya gari la haibridi

Ukarabati wa betri ya gari la haibridi (mitaani: *kufufua betri*) ni kazi ya kufungua betri kubwa ya gari linalotumia injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, kupima sehemu zake moja moja, kuondoa zilizochoka, kusawazisha zilizobaki na kuirudisha betri kwenye gari. Kazi hii ni tofauti na kufunga betri mpya, kwa sababu sehemu nyingi za betri hubaki zilezile za zamani.

Katika Afrika Mashariki magari mengi ya haibridi huingia yakiwa mitumba kutoka Japani. Kwa hiyo mmiliki hulazimika kuamua mapema kama akarabati betri, anunue nyingine au aliuze gari. Makala hii inaeleza kazi yenyewe na mambo ya kuzingatia kabla ya kuamua, kwa mfano wa mji wa Tunduma na Mkoa wa Songwe nchini Tanzania.

## Muundo wa betri

Gari la haibridi lina betri mbili. Ya kwanza ni betri ndogo ya volti 12, kama ya gari la kawaida, inayowasha taa na kompyuta za gari. Ya pili ni betri kubwa inayoendesha mota ya umeme. Betri kubwa huchajiwa na injini, na pia na nguvu inayookolewa gari linapopunguza mwendo. Haichomekwi kwenye umeme wa nyumbani, isipokuwa katika aina maalumu za magari.

Toyota Prius, iliyoanza kuuzwa Japani mwezi Desemba 1997, ndiyo iliyoeneza teknolojia hii. Betri ya Prius ya kizazi cha pili (2003) na cha tatu (2009) ni ya nikeli na haidridi ya metali. Ina moduli 28 zilizoungwa mfululizo. Kila moduli ina seli 6 za volti 1.2, yaani volti 7.2 kwa moduli. Jumla ni seli 168 na volti 201.6. Toyota Aqua ya mwaka 2011 ina moduli 20, yaani volti 144. Toyota Harrier ya haibridi ya mwaka 2005 ina volti 288.

Muungano huo wa mfululizo ndio kiini cha suala la ukarabati. Umeme wote hupita katika kila seli, hivyo seli moja mbovu hudhoofisha betri nzima, hata kama nyingine 167 ni nzima. Ndiyo sababu ukarabati unawezekana. Kwa sababu hiyohiyo pia, betri iliyokarabatiwa inaweza kuharibika tena muda mfupi baadaye.

Katika Prius na Aqua betri kubwa haiwezi kuondolewa gari likaendelea kutumia petroli pekee. Magari hayo hayana stata ya kawaida. Injini huwashwa na mota inayotumia umeme wa betri kubwa. Betri hiyo ikifa kabisa, gari haliwaki.

## Hali ya Tunduma na Songwe

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumega sehemu ya magharibi ya Mkoa wa Mbeya. Makao makuu yake ni Vwawa. Tunduma uko mpakani mwa Tanzania na Zambia, ukitazamana na mji wa Nakonde, kwenye barabara kuu ya TANZAM. Magari mengi ya mitumba yanayoshushwa katika bandari ya Dar es Salaam hupita hapo kwenda Zambia, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na nchi nyingine za kusini.

Mambo manne ya mahali hapa huathiri uamuzi wa mmiliki:

- Umbali. Tunduma uko zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, ambako ndiko kwenye maduka makubwa ya vipuri, hasa Kariakoo. Jiji kubwa lililo karibu ni Mbeya, takribani kilomita 100. Gharama ya kusafirisha betri au kulivuta gari ni sehemu ya bei ya ukarabati.
- Bei ya mafuta. Bei kikomo zinazotangazwa na EWURA kila mwezi hujumlisha gharama ya kusafirisha mafuta kutoka bandarini. Petroli ya Tunduma kwa kawaida huwa ghali kuliko ya Dar es Salaam, hivyo kila lita inayookolewa na gari la haibridi ina thamani zaidi.
- Hali ya hewa. Uwanda wa juu wa Mbozi na Tunduma una hewa ya ubaridi, jambo linalosaidia betri. Bonde la Ziwa Rukwa, kaskazini mwa mkoa, lina joto kali zaidi.
- Vumbi na milima. Barabara za vumbi za vijijini huziba feni ya betri. Miinuko mirefu ya TANZAM, kama Kitonga mkoani Iringa, huilazimisha betri kutoa na kupokea umeme mwingi kwa muda mfupi.

## Sababu za betri kuchoka

Adui mkubwa wa betri ya nikeli ni joto. Betri hupozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Tundu likizibwa na mizigo, nguo au vumbi, betri hupata joto kupita kiasi. Moduli za katikati ndizo zinazopata joto zaidi, na mara nyingi ndizo zinazochoka kwanza.

Sababu ya pili ni umri, kwa kuwa seli huchakaa hata kama gari limetembea kilomita chache. Sababu ya tatu ni kukaa bila kutumika. Gari lililokaa yadi au mpakani kwa miezi mingi hupoteza chaji, na moduli hazipotezi kwa kiwango sawa. Gari lisilotumika linapaswa kuwashwa kwa takribani nusu saa angalau kila baada ya miezi 2 au 3.

## Kutambua tatizo

Taa ya tahadhari kwenye dashibodi haitoshi kuthibitisha kwamba betri kubwa imekufa. Taa hiyohiyo inaweza kuwashwa na betri dhaifu ya volti 12, feni iliyoziba, vipande vya shaba vilivyoshika kutu kati ya moduli, au hitilafu ya inveta. Baadhi ya matatizo hayo hutatuliwa kwa gharama ndogo.

Hatua ya kwanza ni kupima betri ya volti 12. Hatua ya pili ni kupima gari kwa kompyuta na kuandika namba ya hitilafu. Katika magari ya Toyota, namba P0A80 humaanisha kwamba kompyuta imeona tofauti kubwa kati ya sehemu za betri.

Hatua ya tatu ni kusoma volti za betri gari likiwa barabarani. Kompyuta ya Prius husoma moduli mbilimbili, yaani jozi 14. Gari linapopanda mlima volti za jozi zote hushuka, lakini zinapaswa kushuka kwa pamoja. Jozi moja ikiwa chini ya nyingine kwa volti 1.2 hivi, huenda seli moja imekufa. Ikiwa jozi nyingi zinatofautiana ovyo, betri nzima imechoka.

## Hatua za ukarabati

Ukarabati kamili hufuata hatua hizi:

1. Betri hutolewa kwenye gari na moduli zote huhesabiwa na kuwekewa namba.
2. Kila moduli hupimwa volti, kisha hupimwa tena ikiwa imebeba mzigo, kwa mfano taa ya gari, ili kuona inashuka kiasi gani.
3. Kila moduli huchajiwa na kutolewa chaji mara kadhaa kwa mashine maalumu, na ujazo wake huandikwa. Ujazo wa moduli mpya ya Prius ni ampia-saa 6.5.
4. Moduli dhaifu, zilizovimba au zinazovuja hubadilishwa kwa nyingine zenye ujazo unaokaribiana na wa zile zinazobaki.
5. Vipande vya shaba husafishwa au kubadilishwa, na feni husafishwa.
6. Moduli zote huunganishwa kwa muda hadi volti zao zilingane, kisha betri hufungwa na kujaribiwa barabarani.

Moduli zinapochajiwa zinapaswa kubanwa, kwa sababu zikiachwa huru huvimba. Hatua ya tatu peke yake huweza kuchukua siku kadhaa. Kazi iliyomalizika kwa saa chache kwa kawaida ni ubadilishaji wa moduli moja au mbili tu. Hiyo pia ni huduma, lakini haipaswi kulipiwa bei ya ukarabati kamili.

## Wakati wa kukarabati na wakati wa kuacha

Ukarabati hufaa pale ambapo:

- moduli mbovu ni chache na nyingine zimepimwa zikaonekana nzima;
- chanzo kilikuwa feni iliyoziba au gari kukaa muda mrefu, na chanzo hicho kimeondolewa;
- mmiliki anahitaji gari kwa muda mfupi tu, au thamani ya gari ni ndogo ikilinganishwa na betri mpya.

Haufai pale ambapo ujazo wa moduli nyingi umeshuka, betri imekwisha kukarabatiwa zaidi ya mara moja, au gari ni la biashara ya kila siku ambalo likisimama kipato kinasimama. Katika hali hizo moduli nzima zilizobaki huendelea kufa moja baada ya nyingine, na kila mara mmiliki hulipa ufundi upya.

Njia ya kati ni betri nzima ya mtumba. Udhaifu wake ni kwamba inaweza kuwa na umri sawa na ile inayoondolewa. Nayo hupaswa kupimwa moduli kwa moduli kabla ya kulipiwa.

## Hesabu ya gharama

Kipimo bora si bei ya leo bali gharama kwa kila mwaka wa matumizi. Tarakimu zifuatazo ni za kuonyesha hesabu tu, si bei za soko.

Tuseme ukarabati unagharimu shilingi 1,000,000 na usafiri hadi Mbeya shilingi 300,000, jumla 1,300,000. Betri mpya, pamoja na usafiri na ufundi, inagharimu 4,500,000 na inatarajiwa kudumu miaka 6, yaani shilingi 750,000 kwa mwaka. Betri iliyokarabatiwa ikidumu mwaka mmoja tu, kila mwaka umegharimu 1,300,000, karibu mara mbili ya betri mpya. Ikidumu miaka miwili, gharama ni 650,000 kwa mwaka. Katika mfano huu ukarabati hulipa ukidumu takribani miezi 21 au zaidi.

Kwa hiyo dhamana ya miezi 3 haitoi uhakika kwamba ukarabati utalipa. Hata hivyo, mwenye shilingi 1,300,000 mkononi huenda hana 4,500,000. Kwake ukarabati unaweza kuwa njia ya kununua muda wa kuweka akiba, mradi ajue kwamba ananunua muda.

## Betri za lithiamu

Maelezo ya hapo juu yanahusu betri za nikeli. Magari kama Honda Fit ya haibridi ya mwaka 2013 na Nissan Note e-Power ya mwaka 2016 hutumia betri za lithiamu. Hizi zina mfumo wa kielektroniki unaolinda kila seli, na zikichajiwa kupita kiasi au kutobolewa zinaweza kuwaka moto ulio mgumu kuzimwa. Mashine ya kuchaji moduli za nikeli haipaswi kutumika kwa betri za lithiamu.

## Usalama

Umeme wa betri kubwa unaweza kuua. Nyaya zake zina rangi ya chungwa. Kabla ya kuigusa, gari huzimwa, betri ya volti 12 hutenganishwa, plagi ya usalama ya betri kubwa hutolewa, na fundi husubiri angalau dakika 10 ili kapasita za inveta ziishiwe umeme. Kutoa plagi hukata njia ya umeme kwenda kwenye gari, lakini moduli zenyewe bado zina umeme. Fundi anahitaji glovu za mpira zilizotengenezwa kwa umeme wa hadi volti 1,000; glovu za kawaida za gereji hazitoshi. Pete, saa na mikufu huvuliwa.

Majimaji ya ndani ya seli yana haidroksidi ya potasiamu, ambayo huunguza ngozi na macho. Yakimwagika mwilini huoshwa mara moja kwa maji mengi.

## Dhamana na mauziano mpakani

Mmiliki anapaswa kupewa maandishi yenye idadi ya moduli zilizobadilishwa, ujazo uliopimwa wa kila moduli, na muda wa dhamana. Maandishi yaeleze pia kama dhamana inahusu betri nzima au moduli mpya tu. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu moduli itakayofuata kufa mara nyingi ni moja ya zile za zamani.

Mpakani kuna tatizo la ziada. Gari likikarabatiwa Tunduma na kutumika Zambia, au kinyume chake, kudai dhamana humaanisha kuvuka tena na gari bovu na hati zake za forodha. Anayeishi upande mmoja wa mpaka hupata usalama zaidi akimtumia fundi wa upande huohuo.

Mnunuzi wa gari la mtumba anapaswa kujua kwamba taa ya tahadhari inaweza kufutwa kwa kompyuta kabla ya mauziano, kisha ikarudi baada ya safari. Kipimo cha kuaminika ni kuendesha gari kwa muda mrefu, pamoja na kupanda mlima, halafu kusoma volti za betri kabla ya kulipa.

## Moduli zilizokufa

Moduli mbovu hazipaswi kutupwa jalalani wala kuchomwa. Nikeli iliyomo inaweza kurejelezwa, na majimaji yake huchafua udongo na maji. Nchini Tanzania taka hatarishi husimamiwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kuzivusha mpakani taka za namna hii hugusa pia Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, unaotaka nchi inayopokea iarifiwe na ikubali kwanza. Anayekarabati betri hufanya vyema kumuuliza fundi mapema moduli zilizoondolewa zitapelekwa wapi. Swali hilo humlinda pia mmiliki mwingine, kwani moduli mbovu zisizofuatiliwa zinaweza kurudi sokoni zikiuzwa kama nzima.