Ufa katika Ukuta wa Kale

Wahenga walitufunza kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini, msomaji, hayakutuambia ufa wa ukuta wa kale huzibwaje. Katika mji wa Lamu jambo hilo si dogo, kwani azibaye ufa vibaya aweza kuupoteza ukuta aliotaka kuuokoa.

Ingia nami katika mojawapo ya nyumba za mawe zilizojengwa huko katika karne ya 18. Utaona vyumba virefu vyembamba, kimoja nyuma ya kingine: misana, kisha ndani. Wembamba huo ulitokana na boriti za mikoko, ambazo hazikuweza kuvuka nafasi ipitayo mita 3 hivi. Kwa hiyo kuta zitengazo vyumba hazikuwa mapazia tu. Ndizo zilizobeba dari. Tena baadhi yake zilipambwa kwa lipu ya chokaa iliyochongwa, zikajaa zidaka za kuwekea vyombo vya thamani.

Waashi wa zamani walichoma mawe ya matumbawe juu ya kuni, wakayazima kwa maji, wakaiacha chokaa ikae muda mrefu kabla ya kuitumia. Chokaa ni laini, nayo huuacha unyevu uingie na kutoka. Saruji ilipoenea katika karne ya 20, wengi waliiona kuwa dawa ya kila ufa kwa sababu ya ugumu wake. Kumbe ugumu huo ndio ubaya wake mahali hapa. Saruji huuzuia unyevu. Maji yenye chumvi hutafuta njia penye lipu ya kale, na yakaukapo, chembe za chumvi huupasua uso wake. Kiraka husimama, jirani yake akaporomoka.

Fundi mwenye busara kwanza hutafuta maji yatokako, akaziba dari livujalo. Kisha huugonga ukuta polepole kwa kidole: palipo pazima hujibu kwa sauti nzito, palipoachana hulia kama kibuyu kitupu. Hapo habomoi. Hutoboa kitundu chembamba penye ufa, akalowesha, akapenyeza uji wa chokaa kwa bomba la sindano, akaikandamiza lipu kwa ubao uliovikwa nguo mpaka ishike. Nyufa kubwa huzijaza kwa chokaa na mchanga, tabaka nyembamba moja baada ya nyingine, akizifunika kwa magunia yaliyoloweshwa. Maana chokaa hukazwa na hewa taratibu, wala haikubali kuharakishwa.

Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ni heshima kubwa, lakini heshima haizibi ufa hata mmoja. Mikono ndiyo izibayo. Pengine siku moja mwiko utakuwa mkononi mwako wewe. Kabla hujabandua lipu ya kale, kumbuka kwamba ukuta waweza kujengwa upya, bali mchoro wa fundi aliyekwisha kufa hautarudi.