Majina ya kale na asili ya maeneo ya Gusii

Jina la nchi mara nyingi hutolewa na mgeni, na aghalabu hilo la mgeni ndilo linalodumu. Wamisri wa kale waliiita nchi yao Kemet, yaani ardhi nyeusi, kwa sababu ya udongo wa mto Nile. Wagiriki wakaiita Aigyptos, nao Waarabu wakaiita Misr, jina ambalo Waswahili walilipokea kama Misri. Kadhalika Wagiriki waliita bara letu Libya. Jina Afrika lilikuwa la jimbo moja tu, ambalo Warumi waliliunda baada ya kuuangamiza mji wa Carthage mwaka wa 146 kabla ya Kristo. Baadaye likaenea hadi likafunika bara zima.

Pwani yetu nayo ilipewa jina na wapitaji. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza baada ya Kristo unaiita Azania, na soko lake la mwisho kusini unaliita Rhapta. Waarabu waliofuata waliwaita wakazi wake Zanj. Hakuna ushahidi kwamba wenyeji wenyewe walijitambulisha kwa majina hayo.

Bara ya mbali kama milima ya Kisii na Nyamira haikuingia katika ramani hizo. Hata hivyo, historia ya majina ya huko inafuata kanuni iyo hiyo.

Wagusii hugawanyika tangu jadi katika makundi makubwa ya koo: Abagetutu, Abanyaribari, Abagirango, Abanchari, Ababasi na Abamachoge. Kiambishi "aba" katika Ekegusii ni sawa na "wa" ya Kiswahili, nacho huonyesha watu. Kiambishi "bo" huonyesha nchi yao, kama "u" katika Ugogo au Unyamwezi. Hivyo Bonchari ni nchi ya Abanchari, na Bobasi ni nchi ya Ababasi. Kila kundi lina mnyama wa kujitambulisha: chui ni wa Abagetutu, kiboko ni wa Abanchari, na punda milia ni wa Ababasi. Watu ndio walioipa ardhi jina.

Waingereza walipoanzisha kituo chao cha utawala mahali penye mji wa Kisii wa leo mwaka wa 1907, waliyaandika majina hayo kama yalivyowafikia, na mara nyingi yaliwafikia yakiwa yamevaa vazi la Kiswahili. Abanchari wakawa Wanjare, "aba" ikiwa imegeuka "wa". Getutu ikawa Kitutu. Machoge ikawa Majoge, na Basi ikaandikwa kwa herufi "s" mbili. Mugirango ni umbo la umoja, la mtu mmoja, lakini likafanywa jina la eneo na kukatwa vipande kwa kufuata dira: Kaskazini, Kusini na, baadaye, Magharibi. Gusii yenyewe ikawa Kisii. Jambo kama hilo lilitokea ng'ambo ya ziwa, ambako Buganda, kwa ulimi wa Kiswahili, ilizaa jina la nchi nzima, Uganda.

Baadhi ya maumbo hayo yalidumu kupita wakoloni wenyewe. Katika miaka ya mwanzo ya uhuru kulikuwa na eneobunge la Majoge-Bassi. Baadaye wenyeji walirejeshewa matamshi yao, na leo maeneobunge yanaitwa Bonchari, Bobasi, Bomachoge Borabu na Bomachoge Chache. Lakini Kitutu haikurudi kuwa Bogetutu, na Mugirango haikurudi kuwa Bogirango. Ramani ya Kaunti ya Kisii na ile ya Nyamira, ambazo kwa mujibu wa Katiba ya 2010 ni za 45 na 46, ina maumbo ya enzi mbili yaliyowekwa bega kwa bega.

Tena mpaka wa kaunti hizo mbili haukufuata ukoo. Wagetutu wako pande zote mbili: Kitutu Chache Kaskazini na Kusini ziko Kisii, ilhali Kitutu Masaba iko Nyamira. Wagirango vilevile: Mugirango Kusini ni ya Kisii, na Mugirango Kaskazini na Magharibi ni za Nyamira. Borabu nayo, upande wa Sotik, ilikuwa na mashamba ya walowezi ambayo yaligawiwa wakulima wakati wa uhuru, na waliohamia huko walitoka koo mbalimbali.

Swali linalozua mjadala mkali zaidi ni la asili. Simulizi za Wagusii husema kwamba mababu walitoka "Misiri", wakapita Mlima Elgon, wakateremka hadi nyanda za Kano, wakakaa Kabianga, ndipo wakafika kwenye milima yao ya sasa. Mwanahistoria William Ochieng' alizichunguza simulizi hizo katika kitabu chake cha 1974 kuhusu Wagusii kabla ya ukoloni. Wapo wanaosema kwamba Misiri hiyo ni nchi ya mafarao.

Jina pekee haliwezi kubeba mzigo huo. Wamisri wa kale hawakuiita nchi yao Misri. Jina hilo ni la lugha za Kisemiti, na Wagusii wangeweza kulisikia kutoka kwa Waswahili au katika Biblia, ambayo wamishenari waliileta Gusii mwanzoni mwa karne ya 20. Ekegusii ni lugha ya Kibantu, jamaa ya karibu ya Kikuria, na haina udugu na lugha ya mafarao. Vivyo hivyo kwa Masaba: Wagisu huuita Mlima Elgon kwa jina hilo, lakini mfanano wa matamshi hautoshi kuthibitisha safari.

Hili si suala la wasomi tu. Majina ya kale yakigeuzwa hati za kumiliki ardhi, Mgusii atadai Kabianga, ambayo leo iko Kericho, na Kano, ambayo leo iko Kisumu, na jirani naye atakuwa na simulizi yake kuhusu milima ya Gusii. Mpaka wa Borabu na Sotik ulishuhudia mapigano baada ya uchaguzi wa 2007, na wakazi wake wanajua gharama ya madai ya "hapa palikuwa petu". Simulizi ya wazee hutueleza jinsi jamii inavyojitambua, na kwa hilo ina thamani kubwa. Tukitaka kujua ilikotoka, tuisome pamoja na ushahidi wa lugha, wa mabaki ya kale na wa masimulizi ya majirani.