Mbwa wa Kichina Mwenye Kishungi

Mbwa wa Kichina mwenye kishungi ni mbwa mdogo wa kufugwa nyumbani ambaye aghalabu nywele humwota kichwani, miguuni na mkiani tu. Dume huwa na kimo cha sentimita 28 hadi 33 mabegani.

Upara wake unatokana na hitilafu katika jeni ya FOXI3, iliyotambuliwa mwaka 2008. Mbwa mpara ana nakala moja ya hitilafu hiyo. Kijusi kinachorithi nakala mbili hufa tumboni. Ndiyo maana uzao mmoja huwa na watoto wapara na wengine wenye manyoya tele. Jeni hiyohiyo huharibu meno: mengi hukosekana, na chonge huelekea mbele.

Kazi kubwa ya mfugaji ni ngozi. Ukiigusa ni laini na ya moto, lakini huungua jua upesi, hasa penye mabaka ya waridi, na huota chunusi vinyweleo vikiziba. Aogeshwe kwa sabuni isiyo kali, akaushwe, apakwe mafuta mepesi. Wakati wa baridi avishwe sweta. Mafuta ya kukinga jua yasiwe na zinki, kwani atayalamba na zinki ni sumu kwake. Apigwe mswaki mara kwa mara. Kumwacha peke yake kutwa nzima ni kumtesa, maana hushikamana mno na watu wake.