Kovu la Onesimus: Ndui, Ushahidi na Chimbuko la Urazini wa Kisasa

Historia ya urazini wa Ulaya aghalabu husimuliwa kwa majina makubwa: Newton na kitabu chake cha 1687, Locke na nadharia ya serikali itokanayo na ridhaa ya watu, kisha Voltaire na Diderot. Makala haya yanashikilia kwamba badiliko lenyewe lilikuwa la utaratibu kuliko la vichwa: nani asadikiwe, na kwa kigezo gani. Kisa kinachonishawishi zaidi kilitokea Boston mwaka 1721, mji wa bandari wenye watu wapatao 11,000 katika koloni la Waingereza.

Mchungaji Cotton Mather alikuwa na mtumwa Mwafrika, aliyezawadiwa na waumini wake mwaka 1706, akamwita Onesimus. Alipomuuliza kama aliwahi kuugua ndui, Onesimus alieleza desturi ya kwao: mtu hutiwa chale, ndani yake likatiwa tone la usaha wa mgonjwa, huugua kidogo, kisha ndui haimpati tena. Akamwonyesha kovu mkononi. (Kiswahili kimehifadhi tendo hilo hadi leo: tunapochanja, neno letu bado linakata ngozi.) Mather aliwahoji Waafrika wengine mjini, habari ikawa ileile. Tena ilioana na taarifa ya tabibu wa Constantinople iliyochapishwa na Royal Society ya London mwaka 1714.

Ndui ilipoingia na meli kutoka Karibi, tabibu mmoja tu wa mji, Zabdiel Boylston, alithubutu. Tarehe 26 Juni alimchanja mwanawe wa miaka sita, pamoja na mtumwa wake na mtoto wa mtumwa huyo, ambao hawakuwa na haki ya kukataa. Mji ulichafuka. William Douglass, tabibu pekee aliyekuwa na shahada ya udaktari, aliudharau hadharani ushahidi wa Waafrika. Bomu lilirushwa nyumbani kwa Mather. Boylston akaendelea kuchanja na kuhesabu. Kati ya watu 5,900 hivi walioambukizwa kwa njia ya kawaida, walikufa zaidi ya 840, yaani mmoja katika saba. Kati ya 240 na ushei waliochanjwa, walikufa sita, yaani mmoja katika arobaini.

Atakayesema kwamba hesabu hiyo ina dosari, kwa kuwa huenda waliochanjwa walikuwa na afya au riziki bora kuliko wenzao, ana hoja ya haki. Lakini hoja hiyo inaupima ushahidi wenyewe, haimpimi aliyeutoa. Hapo ndipo naliona badiliko. Mather ni yuleyule aliyetetea kwa maandishi hukumu za uchawi za Salem za mwaka 1692. Hakuwa amezaliwa upya. Safari hii neno lake lilipitishwa kwenye jedwali ambalo mtu yeyote, hata Douglass, angeweza kulikagua, na baadaye Douglass mwenyewe aliikubali chanjo.

Katika utawala mizani hiyo ilichelewa mno, na tusiwafunikie wanafalsafa aibu hiyo: Locke, mtetezi wa uhuru, aliwekeza fedha katika Royal African Company, kampuni iliyofanya biashara ya watumwa. Sayansi ilikuwa imeupokea ujuzi wa Onesimus huku sheria ikimhesabu kuwa mali. Ilipita zaidi ya nusu karne kabla ya katiba ya Massachusetts ya 1780 kutamka kwamba watu wote huzaliwa huru na sawa. Mwaka uliofuata Elizabeth Freeman, mtumwa asiyejua kusoma, aliyachukua maneno hayo kama yalivyo akayapeleka mahakamani Great Barrington, kwa hoja kwamba ama katiba haisemi kweli, ama bwana wake hana haki naye. Jopo la raia lilisikiliza, likaamua yeye na mwenzake Brom wawe huru, na walipwe fidia ya shilingi 30.