Seli za uboho na moyo wenye kovu

Wiki hii darasani tumefika kwenye moyo, basi leo nawaletea historia kidogo.

Mtu akipata shambulio la moyo, kipande cha msuli kinakufa kwa kukosa damu, panabaki kovu. Na kovu halisukumi damu! Ubaya ni kwamba moyo hauoti upya kama ngozi. Mwaka 2009 watafiti wa Sweden walikuta kijana wa miaka 25 anabadilisha kama asilimia 1 tu ya seli za msuli wa moyo kwa mwaka. Sasa pengo litazibwa na nini?

Watu wakaugeukia uboho, ule ule tunaounyonya kwenye supu ya mifupa. Huko Moscow, kuanzia miaka ya 1960, Alexander Friedenstein na wenzake walionyesha kuwa ndani yake kuna seli za stroma: zinashikilia mahali damu inapotengenezwa, na zinaweza kutoa mfupa. Mwaka 1991 Mmarekani Arnold Caplan akazipa jina lenye "seli shina" ndani yake. Jina tamu hilo! Wengi wakaamini zitageuka hata moyo.

Mwaka 2002 zikadungwa kwenye mioyo ya panya. Zilizobaki hai zilikuwa chache mno, ila zilianza kufanana na seli za moyo. Mwaka 2009 yakatoka matokeo ya wagonjwa 53, tiba ikaonekana salama. Matumaini juu!

Halafu 2023 yakachapishwa ya wagonjwa 537 wenye moyo ulioshindwa kazi. Kurudi hospitali kwa ajili ya moyo hakukupungua. Waliopewa seli walipata mashambulio ya moyo na viharusi vichache zaidi, lakini hilo halikuwa swali kuu la jaribio.

Kumbe seli nyingi zinapotea ndani ya siku chache. Kabla ya hapo zinamwaga kemikali za kutuliza uvimbe na kuchochea mishipa. Ni wajumbe jamani, siyo mafundi ujenzi. Caplan mwenyewe aliandika 2017 kwamba jina libadilishwe.

Kwa nini nang'ang'ania jina? Baba yangu mdogo ana kovu hilo, na kuna mtu anamshawishi auze shamba akadungwe "seli shina" nje ya nchi. Nimemwambia, "Baba, waulize wamepima nini, kwa watu wangapi." Shamba bado lipo.

Haya, tuonane wiki ijayo. Maoni ruksa!